Mwanao Hashiki Maneno? Mwonyeshe Picha

ASUBUHI ya Jumamosi huko Nyanchwa, kwenye kilima kinachoutazama mji wa Kisii, huwa na haraka yake. Misheni ya Waadventista Wasabato imekuwa mahali hapo tangu miaka ya 1910, na familia nyingi za eneo hilo hupiga nguo pasi Ijumaa kabla jua halijatua ili siku ya pili ziende kanisani bila kuhangaika. Sasa hebu ifikirie, msomaji, nyumba moja miongoni mwa hizo. Mama amekwisha kuvaa. Anamwita mwanawe wa miaka sita: "Haya, nenda uvae vile viatu vyeusi, si vya shule, halafu ulete sweta tuondoke, watu wanatungoja!"

Mtoto hageuki. Anaendelea kuzungusha kifuniko cha sufuria sakafuni. Mama anarudia, sasa kwa sauti ya juu. Anarudia kwa Ekegusii, kisha kwa Kiingereza cha chekechea. Hatimaye anamshika mkono na kumvuta, na hapo ndipo kilio kinapoanza, kilio cha kujigonga kichwa ukutani. Jirani anayepita njiani anatikisa kichwa. Kwake yeye, mtoto huyu amekosa kiboko tu.

Lakini kuna jambo ambalo mama analijua na jirani halijui. Ukifungua pakiti ya biskuti katika chumba cha pili, tena polepole, mtoto yule atakuja mbio. Kwa hivyo masikio anayo. Ni nini basi kinachompita?

Silabi moja tu

Huenda mtoto wa namna hiyo ana usonji. Usonji si maradhi ya kuambukizwa, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo huanza mapema sana na mtu huishi nayo maisha yake yote. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliueleza mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa nao. Kwa hesabu hiyo shule yenye wanafunzi 600 ingekuwa na wanne au watano, ila wengi wa watoto hao hufichwa nyumbani au huitwa majina mengine.

Watoto hawa hawafanani. Yupo asiyetamka neno lolote. Yupo pia anayeweza kukariri tangazo zima la redio, neno kwa neno na kwa sauti ile ile ya mtangazaji, lakini akishikwa na kiu hajui kuomba maji. Huyu wa pili huwapotosha wazazi wengi, kwa sababu sisi hudhani kwamba anayesema anaelewa. Kusema na kuelewa ni mambo mawili, na makala haya yanahusu hilo la pili.

Irudie ile sentensi ya mama. Ina maneno 15 na maagizo manne. Ina "vile" bila kuonyesha vipi. Ina "si vya shule", na mtoto aliyedaka neno "shule" peke yake huenda akaanza kutafuta sare. Kwa mtoto mwenye usonji, mara nyingi maneno huja kwa kasi kuliko anavyoweza kuyachambua. Afikapo kwenye viatu, mama ameshafika kwenye sweta.

Kiswahili chetu nacho kina mtego wake. Tazama "ulete" na "usilete". Amri na katazo vinatofautishwa na silabi moja iliyofichwa katikati ya neno. Mtoto asiyeidaka ile "si" husikia kitu kinachofanana sana na "ulete", akakitii, halafu akachapwa kwa ukaidi. Wengi wetu tumewahi kumpigia kelele mtoto "usiguse!" na tukaona mkono wake ukienda moja kwa moja kwenye chupa ya chai. Heri kumwambia la kufanya: "Mikono chini." Ni maneno mawili, na hayana katazo.

Isitoshe, mtoto wa Nyanchwa huishi katika lugha tatu. Nyanya humwambia *amache*, mama humwambia maji, na mwalimu humwambia kwa Kiingereza. Hii si sababu ya kuiacha lugha ya nyumbani, kama baadhi ya wazazi wanavyoshauriwa. Watafiti walioufuatilia ulezi wa lugha mbili hawajaona kwamba unawadhuru watoto wenye usonji, na mtoto asiyejua lugha ya nyanya yake amepunguziwa mtu mmoja wa kuzungumza naye. Lakini hebu weka mbele yake picha ya kikombe cha maji. Nyanya ataita anavyoita, mwalimu ataita anavyoita, na picha itabaki ni ile ile.

Hapo ndipo siri ya picha ilipo. Sauti ikishatoka imekwenda. Picha hukaa mezani ikimngoja mtoto sekunde tano, kumi, hata dakika nzima, na haibadiliki kwa sababu mama amekasirika au baba ana mafua.

Ndizi na chungwa

Kuna wanaoona aibu. Watauliza: mtoto wangu atatembea na makadi mpaka lini, kama bubu? Kwao nawakumbusha tarehe 21 Novemba 2005. Siku hiyo Wakenya walipiga kura ya maoni kuhusu katiba, na karatasi ilikuwa na ndizi kwa anayekubali na chungwa kwa anayekataa. Maprofesa walipiga kura kwa matunda, na hakuna aliyeona haya. Jogoo wa KANU alijulikana na wazee ambao hawakuwahi kuingia darasani. Nchi yetu imeongozwa kwa picha miaka mingi.

Kura ile inatufunza na jambo la pili, ambalo wazazi husahau. Ndizi kwa asili yake haina maana ya "ndiyo". Ilibidi tufundishwe kwa miezi, redioni na mikutanoni. Mtu wa Kisii ambaye hangeambiwa lolote angeiona ndizi na kufikiria ndizi, tena angeuliza ni ya kuiva au ya kupika! Vivyo hivyo, ukimchorea mwanao nyumba yenye paa la pembetatu na kumwambia "hii ni nyumbani", usishangae asipoelewa. Pengine nyumbani kwenu ni ghorofa ya pili yenye mlango wa bluu. Alama ya picha ni lazima ifundishwe, na njia ya kuifundisha ni kuionyesha kila mara jambo lenyewe linapotokea.

Kwa sababu hiyo, usianze na michoro. Walimu wa watoto hawa huwa na ngazi zao. Mtoto aliye chini kabisa huanza na vitu vyenyewe. Kabla ya kuoga, mpe kipande cha sabuni mkononi, kisha mwende bafuni nacho. Kabla ya kula, mpe kijiko chake. Baada ya majuma kadhaa akishika kijiko tu anageukia jikoni, hapo ameelewa. Ngazi inayofuata ni picha iliyopigwa kwa simu: kikombe chake mwenyewe, kitanda chake, lango la shule yake. Juu zaidi ndiyo michoro ya mistari, na mwishoni, kwa wengine, maneno yaliyoandikwa.

Hapa niseme neno kuhusu vitu vidogo vya kuchezea. Mtu mmoja anaweza kudhani kwamba, kwa kuwa Tabaka si mbali na mafundi wa mawe ya sabuni wako tele, basi achongewe kikombe kidogo, kiti kidogo na gari dogo viwe alama. Wazo zuri, lakini mara nyingi halifui dafu. Kikombe kidogo cha jiwe hakina joto la uji, hakinuki, hakilingani na mkono. Wewe unakiona kikombe. Mtoto ameshika jiwe laini. Mpe kikombe chake cha kila siku.

Vifaa vingine unavyo tayari. Pakiti ya unga, karatasi ya majani ya chai, ganda la sabuni, sanduku la maziwa: hizi ni picha ambazo mtoto amekuwa akiziona tangu utotoni, na baadhi yao wanazijua kuliko sura za wajomba zao. Zikate, zigandishe kwenye kipande cha katoni, zifunike kwa selotepu pana ili zisiloe mate. Ukihitaji michoro, Serikali ya Jimbo la Aragon nchini Uhispania hutoa bila malipo maelfu ya picha za aina hii, kwa jina la ARASAAC, mradi usizifanyie biashara. Saiba yoyote mjini itakuchapishia ukurasa.

Kwanza hili, halafu lile

Nikiambiwa nichague chombo kimoja tu, nitachagua ubao wa "Kwanza – Halafu". Ni kipande cha katoni kilichogawanywa kwa mstari. Upande wa kushoto unaweka picha ya kazi, upande wa kulia picha ya kitu akipendacho. Kwanza viatu, halafu bembea. Unasema maneno hayo manne tu huku ukigusa kila picha, kisha unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu! Hesabu moja mpaka kumi moyoni kabla hujarudia. Na bembea uliyoiahidi ni lazima ije, hata kama mvua imeanza kutishia, maana ukimdanganya mara mbili picha zako zitakuwa takataka.

Akizoea, urefushe ubao uwe ratiba ya siku. Kamba ya nguo na vibanio vinatosha: kuamka, chai, kunawa, gari la shule, masomo, nyumbani, kula, kulala. Jambo likiisha, mtoto mwenyewe anaibandua kadi na kuitia katika kopo. Huo mkono wake unaotia kadi koponi unamwambia kwamba jambo limekwisha, kwa namna ambayo sauti yako haiwezi.

Sasa rudi kwenye ile Jumamosi. Siku tano mtoto ameamka, akanywa chai, akapanda gari la shule. Siku ya sita gari halikuja, nguo ni nyingine, watu ni wengi na kinanda kinalia. Hakuna aliyemwonyesha mapema kwamba leo si kama jana. Familia inayotumia ratiba huweka Ijumaa jioni picha ya kanisa lenyewe, iliyopigwa kwa simu, na kadi ya viatu vyeusi kando yake. Si dawa ya kila kilio, lakini ana usiku mzima wa kuizoea habari hiyo. Wengine hutengeneza na kadi yenye alama ya kuuliza, yenye maana ya "mabadiliko", wanayoitumia kwanza kwa mabadiliko matamu, mathalan chapati badala ya ugali, ili siku ya mabadiliko machungu isimtie hofu kadi inapotokea.

Mbinu hizi hazikuzuka jana. Mpango wa TEACCH wa North Carolina, ulioongozwa na Eric Schopler tangu mwaka 1972, ndio uliozisambaza sana ratiba za picha madarasani. Mwaka 1985 Andy Bondy na Lori Frost, katika jimbo la Delaware, walianzisha njia ya kubadilishana picha iitwayo PECS, ambapo mtoto humkabidhi mtu mzima picha ya kitu anachokitaka na kupewa. Ya kwanza humsaidia mtoto kutuelewa sisi. Ya pili hutusaidia kumwelewa yeye. Nyumba nyingi huanza na ile ya pili kwa kuwa kila mzazi anatamani kusikia "nataka". Maoni yangu ni kwamba inafaa sana, ila usiisahau ile ya kwanza, kwa maana hata mtu mzima huropoka asipojua anakopelekwa.

"Je, picha hazitamfanya mvivu wa kusema?" Swali hili huulizwa kila mara. Mwaka 2006 watafiti Millar, Light na Schlosser walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi kuhusu watu waliopewa njia nyingine za mawasiliano, na hawakukuta kwamba usemi ulipungua. Wengi uliwaongezeka, ijapokuwa kidogo. Kwa hivyo sema neno huku ukigusa picha. Picha haichukui nafasi ya ulimi wako.

Wala usiamini kwamba kila mwenye usonji hufikiri kwa picha. Temple Grandin, mtaalamu wa mifugo wa Marekani ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 1995 kwamba yeye hufikiri hivyo, na watu wengi wakalifanya hilo kuwa sheria ya wote. Wako watoto wanaoshika maandishi mapema kuliko picha, na wako wanaoshika wimbo. Mtazame wako.

Mchawi hayumo

Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Pwani ya Kenya, walipowauliza wazazi na wataalamu kinacholeta usonji. Majibu yalikuwa ya aina mbili. Wako waliotaja mashetani, uchawi na laana. Wako waliotaja matatizo ya uzazi, maradhi na urithi. Huku Kisii si haja kwenda Pwani kuyasikia hayo ya kwanza. Oktoba 2021, katika eneo la Marani, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wakidaiwa kumroga mwanafunzi mmoja. Kesi hiyo haikuhusu usonji. Lakini kila mzazi wa mtoto asiyesema ameshanong'onezewa jina la bibi fulani wa kijijini, na ajue kwamba mnong'ono wa aina hiyo una uwezo wa kuua mtu asiye na hatia. Pesa ulizopanga kumpa mganga zitatosha katoni, selotepu na picha za miaka miwili.

Pwani hiyo hiyo ina habari njema zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi, Gona pamoja na Karen Bunning na wenzao waliwatembelea majumbani walezi wa watoto wenye matatizo makubwa ya mawasiliano, wakawafundisha kutumia vitu, ishara na picha, na mwaka 2014 wakaeleza walichokiona. Hawakuwahitaji walezi kuhamia mjini wala kununua mashine. Walezi walianza kuwatazama watoto wao kwa jicho jingine, kama watu wenye jambo la kusema.

Kabla ya yote, lakini, mpeleke mwanao hospitali apimwe masikio. Biskuti si kipimo cha daktari. Mtoto anaweza kusikia mchakacho na akakosa sehemu ya sauti za maneno. Kisha ulizia kituo cha tathmini ya elimu maalumu katika kaunti yako. Vituo hivi vilianzishwa na serikali mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yao ni kumpima mtoto na kushauri asomee wapi. Walimu wa elimu maalumu nao hufunzwa katika taasisi ya KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyoko Kasarani, Nairobi. Kitengo cha watoto wenye usonji katika Shule ya Msingi ya City, Nairobi, kilianza mwaka 2003, mwaka ule ule wazazi walipounda chama chao cha usonji.

Ukimpata mwalimu, mpe nakala ya kadi zako. Kosa kubwa nililoliona ni nyumba kuwa na picha zake na shule zake, choo kikawa mchoro wa mlango huku na mchoro wa mtu huko. Mtoto anajifunza lugha mbili za picha juu ya zile tatu za sauti! Kosa jingine ni kuzifungia kadi kabatini ili zisichafuke. Zichafuke.

Na kosa la tatu ndilo linalonikera. Utaingia nyumbani ukute kadi 20, zote za kuamrisha: kaa, nawa, nyamaza, vaa, lala. Hakuna "hapana". Hakuna "nimechoka", hakuna "inauma", hakuna "nataka kwenda nyumbani". Mtoto amepewa masikio na kunyimwa mdomo.

Ile familia ya Nyanchwa, tuseme, imekwisha kuyafanya haya miezi mitatu. Jumamosi moja mtoto amevaa viatu vyeusi bila kuvutwa, ameketi benchi la nyuma karibu na mlango. Mahubiri yamefika katikati. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa mama, anachomoa kadi ya mlango wa bluu na kumwekea mapajani. Mama anatazama mbele, waumini wanatazama, mhubiri hajamaliza. Mama anaichukua kadi, anagusa picha na kusema kwa sauti ya chini, "Nyumbani." Kisha anashika mkoba wake, na wote wawili wanatoka.